Kutoka Kutumika hadi Kuuzisha: Wahamiaji wa Kazi katika Miji ya Butembo na Beni

Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, mtu atakaye kujua kazi ya mwenzake humwuliza, “Unatumika wapi?” Msemaji wa Unguja au Tanga hulistaajabia swali hilo, kwani kwake kinachotumika ni jembe au kalamu, ingawa maana ya kuwa katika utumishi wa mtu si ngeni kabisa hata pwani. Neno la pili humtatiza zaidi. Akifika katika soko la Butembo akasikia mtu akisema kwamba aliuza shati jana, na shati lenyewe amelivaa, itamchukua muda kufahamu kuwa kuuza huko ni kununua, na kwamba atoaye bidhaa ili apate fedha hauzi bali anauzisha. Maana hizi hazikubuniwa Butembo. Zimeenea katika Kiswahili cha Kongo na zinasikika hata Katanga. Hata hivyo ni vigumu kupata mji ambao historia yake inasimulika vema kwa vitenzi hivi viwili kama huu. Butembo ulianza kwa watu waliokuja kutumika, ukakuzwa na watu walioacha kutumika wakaanza kuuzisha.

Makala haya yanafuatilia mabadiliko hayo, huku mji jirani wa Beni ukiangaliwa kwa ulinganishi. Swali linaloyaongoza ni moja: kwa nini kampuni ya dhahabu ilipodhoofika mji haukudhoofika pamoja nayo? Miji midogo iliyofumuka kwa utajiri wa ardhini, iwe dhahabu, shaba au mafuta, imezoeleka kuelezwa kwa mfano wa moto wa mabua: huwaka ghafla, huzimika ghafla. Butembo haikufuata mfano huo, na sababu zake hazipatikani katika dhahabu yenyewe. Zinapatikana katika namna wahamiaji walivyopokewa, walivyokopeshana, na lugha walizotumia kufanya hivyo.

Dhahabu na kodi

Butembo iko juu ya milima ya magharibi ya Ziwa Edward, kaskazini kidogo tu ya ikweta, katika kimo kinachozidi meta 1,700. Beni iko kaskazini yake, umbali wa kilomita zipatazo 50, chini zaidi, pale milima inapoteremkia bonde la mto Semliki na msitu wa Ituri. Wenyeji walio wengi ni Wanande, ambao hujiita pia Wayira, ndugu wa Wakonjo wa upande wa Uganda. Kabla ya ukoloni palikuwa na tawala ndogo ndogo za Bashu, Baswaga, Batangi na Bamate, na biashara ya chumvi ya Katwe iliyovushwa ziwani. Kitabu cha Randall Packard cha mwaka 1981 kuhusu utawala wa Bashu kinaonyesha jinsi mamlaka yalivyofungamana na mvua, mashamba na mazishi ya watawala. Mji, kwa maana ya mahali ambapo mtu huishi pasipo kulima, haukuwapo.

Uliletwa na kampuni. Minière des Grands Lacs Africains, iliyojulikana zaidi kwa herufi zake MGL, iliundwa mwaka 1923, na katika muda usiozidi miaka kumi ilikuwa imetia mguu katika mito ya Lubero na misitu ya Mangurujipa, kwani sehemu kubwa ya dhahabu ya huko ilikuwa ya mchanga wa mito. Butembo ilichaguliwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwa kituo cha kampuni. Mgodi wenyewe haukuwa pale. Palikuwa na ofisi, ghala na kambi, na njia za kwendea machimbo. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini lilikuwa na uzito baadaye: mji uliojengwa juu ya ghala na njia haufi pale mto mmoja unapokauka dhahabu.

Watu hawakuja kwa hiari tupu. Tangu miaka ya 1910 serikali ya Ubelgiji ilidai kodi ya kichwa kwa fedha, na mkulima wa milimani hakuwa na mahali pengi pa kuipata fedha hiyo. Agizo la mwaka 1917 liliongeza kilimo cha lazima. Amri ya mwaka 1910 kuhusu tawala za machifu ilimkataza mtu kuondoka katika eneo la chifu wake kwa zaidi ya siku 30 bila kibali. Hivyo mlango mmoja ulisukuma na mwingine ulizuia, na mkataba wa kampuni ulikuwa miongoni mwa funguo chache zilizoufungua ule wa pili. Ardhi nayo ilipungua. Hifadhi ya Taifa ya Albert, iliyoundwa mwaka 1925 na kupanuliwa baadaye, ilichukua mabonde ya ziwa na Semliki. Wakati huohuo ugonjwa wa malale ulitumiwa kuwa sababu ya kuwahamisha watu wa bondeni na kuwapandisha milimani, ambako tayari palisongamana. Walowezi wa Kizungu walipewa mashamba ya kahawa, ngano na mboga.

Kisha ukaja mwaka 1934. Marekani ilipandisha bei ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa aunsi, na bidhaa nyingine za Kongo zilipokuwa zimelala kwa mdororo wa uchumi wa dunia, dhahabu ilisimama. Kaskazini, mashimo ya Kilo-Moto, ambako dhahabu ilionekana mwaka 1903, yalihitaji watu. Lubero nayo ilihitaji watu. Mkulima wa Kinande hakufahamu habari za bei ya Washington, lakini aliifahamu kwa kuwa wasaka vibarua walipita kijijini mara nyingi zaidi.

Kambi ilikuwa na msamiati wake. Kiongozi wa kikosi cha wafanyakazi aliitwa kapita, chakula cha mgawo posho, mwandishi wa ofisi karani au kalani. Lugha ya amri ilikuwa Kiswahili, kile ambacho Wazungu walikiita Kingwana kwa kukinasibisha na waungwana wa misafara ya karne ya 19. Jeshi lilikuwa na Kilingala chake. Mmisionari alihubiri kwa Kinande na kwa Kiswahili. Mapadri wa Shirika la Waasumpsionisti walifika Beni mwaka 1929, na shule zao ndizo zilizotoa makarani wa baadaye. Johannes Fabian, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1986, ameeleza jinsi utawala na makampuni ya Katanga yalivyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kazi. Milima ya Lubero haikuwa Katanga, na hapa tofauti ni muhimu kuliko mfanano. Kule wafanyakazi walitoka mbali na makabila mengi, kwa hiyo Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani ya watoto wao. Huku wengi walitoka kilima cha pili. Jumamosi mtu aliweza kurudi kwao kwa miguu. Kiswahili kilibaki kambini, Kinande kilibaki jikoni, na mfanyakazi alivuka mpaka huo kila alfajiri na kila jioni.

Kutoka mshahara hadi duka

Kwa nini mtu aliyepata mshahara wa kampuni auache? Jibu la haraka ni kwamba mshahara ulikuwa mdogo. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi, kwa sababu mishahara ilikuwa midogo kila mahali. Kilichoipambanua Butembo ni kwamba mfanyakazi alikuwa na kitu cha kuuzisha. Milima ilitoa maharage, viazi, vitunguu, kabichi na ngano. Msitu wa magharibi ulitoa mawese. Ziwa lilitoa samaki. Aliyekuwa karani aliona kwa macho yake jinsi bidhaa za wafanyabiashara Wagiriki na Wahindi zilivyoingia na kutoka. Mtafiti Vwakyanakazi Mukohya, mwenyewe mwana wa eneo hilo, katika tasnifu yake ya mwaka 1982 kuhusu wafanyabiashara Waafrika wa Butembo kati ya mwaka 1960 na 1980, amewaonyesha watu walioanza na mtaji mdogo mno, wakapanda ngazi moja baada ya nyingine pasipo msaada wa serikali.

Uhuru wa mwaka 1960 na uasi wa Simba wa mwaka 1964 viliwafukuza walowezi wengi. Mashamba na maduka yalibaki. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kutaifishwa kwa biashara za wageni na kukabidhiwa raia wa Zaire. Katika miji mingi maduka yalitwaliwa na wakubwa wa chama waliokula mtaji na kufunga milango. Butembo ilikuwa mbali na Kinshasa, haikuwa na wakubwa wengi wa kisiasa, na tayari ilikuwa na wafanyabiashara waliojua kazi. Umbali huo, ambao wakazi wameulalamikia siku zote kwa habari ya barabara, umeme na maji, uliwafaa mara hiyo.

Miaka miwili baadaye, Julai 1975, baridi kali iliharibu mibuni ya Brazili. Bei ya kahawa ilipanda hadi kilele cha mwaka 1977. Kahawa ya Lubero, Beni na miteremko ya Ruwenzori ilipaswa kupita katika njia rasmi na kulipiwa kwa fedha ya Zaire isiyokuwa na thamani. Nyingi ilipita Ziwa Edward na mpaka wa Kasindi usiku, ikarudi kwa sura ya vitenge, baiskeli, vipuri na malori. Hapo ndipo mji ulipofumuka kweli. Kijana wa Lubero au wa Ruwenzori hakuja tena kutafuta kapita wa kumwandika. Alikuja kumtafuta mjomba.

Utaratibu wa kumpokea mgeni huyo ndio kiini cha historia hii. Alifikia kwa ndugu au kwa mtu wa kijiji chake. Alilala dukani, akilinda mali na kufagia. Baada ya muda alipewa bidhaa kidogo kwa mali kauli akazitembeze vijijini, arudishe thamani yake na abaki na faida. Aliyeaminika aliongezewa. Aliyevunja ahadi hakupelekwa mahakamani. Habari zake zilifika nyumbani kabla yake, kwa babu, kwa paroko, kwa wakwe watarajiwa. Pamoja na hayo palikuwa na likelemba, ule mchezo wa kuchangiana ambao pwani huitwa upatu. Mwisho wa safari alinunua parseli, yaani kiwanja cha mjini, akajenga, akaleta mdogo wake. Wakati huo wote mke au mama yake aliendelea kulima kule kilimani, na shamba hilo ndilo lililomlisha biashara ilipoanguka.

Serikali ilijaribu nguvu ya utaratibu huu pasipo kukusudia. Tarehe 25 Desemba 1979 noti za zaire 5 na zaire 10 zilifutwa ghafla, na watu wakapewa siku chache na kiwango kidogo cha kubadilisha. Wafanyabiashara waliokuwa na fedha majumbani walipoteza sana. Lakini aliyekuwa ameweka mali yake katika kahawa, katika nyumba na katika madeni ya watu waaminifu alisalia na kitu. Somo halikusahaulika: katika miaka iliyofuata fedha ya nchi ilikaa mkononi kwa muda mfupi iwezekanavyo.

Lugha ya kazi na lugha ya deni

Hapa pana jambo ambalo mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kulitazama kwa macho makavu. Ni desturi ya wanaisimu wengi kusema kuwa katika miji ya Afrika ya Mashariki na Kati Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wageni. Kwa Bukavu na Kisangani kauli hiyo ina ukweli. Kwa Butembo inahitaji kupunguzwa. Kiswahili kiliendesha soko, karakana na lori. Mteja asiyejulikana aliuziwa kwa Kiswahili. Mkopo ulitolewa kwa Kinande. Mtu aliweza kununua Butembo kwa lugha yoyote, lakini kukopeshwa kulihitaji kueleza kwa lugha ya nyumbani wewe ni mwana wa nani na kilima chenu ni kipi.

Uhodari wa mji na ukali wake vilitoka katika chanzo kimoja. Utaratibu uliomwinua kijana wa Kinande pasipo benki ndio huohuo uliomwacha nje Mshi, Mhunde au Mtetela aliyefika na mikono mitupu. Hakufukuzwa na mtu. Alifanya kazi, akalipwa, akabaki mfanyakazi: alitumika, hakuuzisha. Watu wa Kisangani nao walipata kuona upande wa pili wa jambo hili, kwani Wanande waliohamia huko na malori ya maharage na mboga walishikamana vivyo hivyo, kama alivyoeleza Janet MacGaffey katika kitabu chake cha mwaka 1987. Aliyesifu mshikamano wao alikuwa nao ndani. Aliyeulalamikia alikuwa nje.

Beni ilikuwa tofauti. Ulikuwa mji wa utawala, wa mbao, wa utomvu wa papai na, baadaye, wa kakao. Njia za Kasindi, Bunia na Kisangani zilikutana hapo. Askari, matarishi na wenye malori waliufanya uwe na lugha nyingi zaidi, na Kiswahili kikapenya zaidi hadi majumbani. Mgeni asiye na ndugu aliona Beni ni rahisi kuingia. Utajiri mkubwa, hata hivyo, uliendelea kulala Butembo.

Dhahabu tena, na mafuta yasiyofika

Mwaka 1976 MGL iliunganishwa na makampuni mengine kuunda SOMINKI, na shughuli zake za Lubero zilififia. Mwaka 1982 serikali iliwaruhusu raia kuchimba na kuuza dhahabu katika maeneo yasiyoshikwa na makampuni. Mwaka uliofuata zaire ilishushwa thamani kwa zaidi ya robo tatu. Vijana wakamiminika Mangurujipa, Mambasa na mito ya Ituri. Safari hii mwelekeo uligeuka: zamani watu walikwenda Butembo ili waingie kazini, sasa walipitia Butembo kununua sufuria, majembe na sukari, kisha wakaendelea msituni, na dhahabu yao ikarudi mjini. Vwakyanakazi, akiandika mwaka 1991, alieleza jinsi dhahabu, kahawa na papai zilivyovuka mpaka pasipo kuandikwa popote, na jinsi bidhaa za Mombasa zilivyofuata njia hiyohiyo kurudi. Wakubwa wa biashara walishirikiana kujaza makontena huko Dubai, kisha miji ya China.

Fedha hiyo ilijenga na vitu vya kudumu. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa Butembo mwaka 1989, wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko, ambaye tangu mwaka 1966 hadi 1997 aliongoza jimbo hilo na kuwahimiza waumini kuchimba barabara kwa mikono yao. Fedha hiyo pia ilinunua silaha. Katika vita vya 1998 hadi 2003, Beni na Butembo zilishikwa na waasi wa RCD-K/ML waliosaidiwa na Uganda, na ushuru wa mpakani ulikuwa tuzo. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa uliyawekea vikwazo makampuni mawili ya Kampala kwa kununua dhahabu iliyotoka katika njia hizo.

Katika miaka hiyohiyo jina la mafuta lilianza kusikika. Mwaka 2006 Uganda ilithibitisha mafuta chini ya Ziwa Albert, na Hoima ikaanza kuvuta watafuta kazi. Upande wa Kongo, kampuni ya Uingereza ya SOCO ilipima Ziwa Edward kwa mitetemo mwaka 2014, kisha ikajiondoa. Mnada wa vitalu 27 vya mafuta uliotangazwa Julai 2022 ulifutwa Oktoba 2024. Mafuta ambayo Butembo imeyajua ni mawese ya msituni, na petroli ya kutoka Uganda inayouzwa kando ya barabara katika vidumu na chupa na vijana wanaoitwa kadhafi.

Wimbi la mwisho la mishahara mikubwa lilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeitamani. Agosti 2018 ilitangazwa Ebola, na hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imewaua watu 2,287, wengi wao Beni, Katwa na Butembo. Mashirika yalileta magari, ofisi na mamia ya nafasi za kazi. Wakazi, waliokuwa wamezika ndugu zao waliochinjwa katika mauaji yaliyoanza Beni Oktoba 2014 pasipo kuona msaada wa kadiri hiyo, waliuliza kwa nini waliotumika walitoka Kinshasa na Goma. Matangazo yalikuja kwa Kifaransa na kwa Kiswahili sanifu. Bibi wa Katwa aliyasikia kama amri za kambi. Aprili 2019 daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo. Si haki kusema kuwa lugha ndiyo iliyosababisha kifo hicho. Lakini waliopanga kazi ile walichukua kuwa mji unaonunua na kuuza kwa Kiswahili unaaminiana pia kwa Kiswahili, na historia ya miaka 90 ilikuwa imesema vinginevyo. Baadaye vijana wa mitaa na wasemaji wa Kinande waliongezwa katika vikundi vya afya, nao walianza kazi kwa salamu ndefu na maswali kuhusu ukoo.

Mwaka 2024 mashambulizi yalifika ukanda wa Mangurujipa, na waliokwenda kuchimba wakarudi mbio mjini pamoja na wakulima. Goma ilipotekwa na M23 mwezi Januari 2025, utawala wa mkoa wa Kivu ya Kaskazini uliohamishwa ulijikusanya Beni, na watumishi wa serikali wakafuata, wakitafuta vyumba vya kupanga katika mji ambao wengi wao hawakuwa na mjomba.